Mama Mkwe Alinipima Macho Bila Kunitazama

Admin, jina langu lifiche, maana huku Kolwezi tunajuana na hasira niliyo nayo inaweza kuvunja nyumba. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke na watoto, na kazi yangu ilikuwa kuendesha lori la shaba kutoka migodini hadi mpakani Kasumbalesa. Nasema ilikuwa. Someni mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Corona ilipoingia, kwenye kila kizuizi barabarani walitutaka tuvae barakoa na kupimwa homa. Mwenye miwani anaijua adha hiyo, ukipumua tu vioo vinajaa ukungu. Siku moja nilishuka, nikaivua miwani niifute, ikaniponyoka, na lori la mwenzangu likapita juu yake. Daktari wangu wa macho wa Lubumbashi alikuwa amefunga kliniki kwa ajili ya huo ugonjwa, basi nikamwambia mke wangu nitakwenda kwa yule wa hapa mjini kati. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama mzazi wa mke wangu anapima macho na kutengeneza miwani nyumbani kwake mtaa wa Manika, baada ya kufanya kazi miaka mingi na madaktari. Mke wangu akaniambia, "Mama anapimaka macho ya Manika muzima, na we unaenda kwa bengine? Batu batasema nini?"

Sikatai, mama mkwe anaijua kazi yake, na wapo wengi wanaosoma Biblia leo kwa sababu yake. Shida ni kwamba mimi ni mkwe wake. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nikimwona njiani ninampisha, sijawahi kumpa mkono, sijawahi kula mbele yake, na salamu zetu zinapita kwa mke wangu. Sasa kupima macho, jamani, ni kukaa goti kwa goti, mtu akushike kidevu akumulike taa ndani ya jicho. Ukoo mzima ulilijua hilo na hakuna aliyefungua mdomo. Wote walijificha nyuma ya corona, eti siku hizi watu hawakaribiani.

Basi nikapimwa. Mimi nikakaa barazani, mama mkwe akabaki ndani nyuma ya pazia, mke wangu akawa anakwenda na kurudi kati yetu kama tarishi. Ubao wa herufi ulitundikwa ukutani, nikasoma, mke wangu akapeleka majibu. Kisha mama akaomba vipande vya miwani yangu iliyovunjika, akatengeneza mipya kwa kipimo kilekile cha zamani. Nilipoivaa akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Mukwe anaona bien?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Nambieni, mkwe gani anambishia mama mkwe?

Mbele nilikuwa naona. Upande wa kushoto ndio ulionisumbua, watu walikuwa wanatokea ghafla kana kwamba wameota ardhini. Nilimweleza mke wangu zaidi ya mara moja, akasema macho yanazoea miwani mipya taratibu. Miezi ikapita. Mwaka uliofuata, asubuhi ya jua kali kabisa, nilikuwa nakata kona kushoto kuingia kwenye mizani, na mwenye pikipiki alikuwa anapita upande huohuo. Haki ya Mungu sikumwona. Alivunjika mguu, namshukuru Mungu yuko hai, lakini patron wangu, mwenye lori, alichukua funguo za lori palepale.

Ndipo nikaenda mjini kati bila kumuaga mtu. Yule daktari alikuwa amevaa barakoa na kioo cha plastiki usoni, lakini alinisogelea, akaniwekea kidevu kwenye mashine, akamulika ndani. Kisha akaniambia jicho la kushoto linaliwa na presha ya macho, tena si la jana, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki. Alisema kama mtu angelimulika jicho hilo siku nilipopewa hii miwani, sehemu kubwa ingeokolewa. Akauliza nani alinipima. Nikasema ni mtu wa mtaani tu. Akaongeza kwamba ugonjwa huu unatembea katika damu, niwalete wanangu wote.

Nimerudi nyumbani na mdomo umefungwa. Matone nimesema ni ya vumbi. Lakini jirani aliniona nikitoka kwa daktari, habari ikafika Manika kabla yangu, na shemeji yangu mkubwa akaja na wajomba wawili. Hakuuliza hata jicho linaendeleaje. Alisema, "Umevula mama nguo mbele ya batu. Dimanche utaleta kuku na kitenge, utaomba pardon." Mke wangu alikuwa amekaa upande wao, na amenitamkia wazi kwamba nisipokwenda, yeye atakwenda kwao na watoto.

Ninawaka, ndugu zangu. Mimi niliyepoteza kazi na nusu ya jicho, ndiye ninayedaiwa msamaha! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nayaficha ya damu ya wanangu. Nikisema, yule mama hatashika tena kioo maishani mwake, namjua, na mke wangu atakumbuka kila siku kwamba ndiye aliyenipeleka. Nikinyamaza, watoto hawatapimwa, maana nitatoa sababu gani?

Jumapili ni keshokutwa na kuku ameshafungwa miguu jikoni. Ninyi mlio maelfu humu, nishaurini nifanye nini. Nipige magoti nikiwa kimya, au niinue uso, nimtazame mama mkwe machoni kwa mara ya kwanza, nimwambie jicho hili moja halioni?