Sinki la Nyumbani kwa Fundi

Wateja walimwita Fundi. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Kesho, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho kwa kuahirisha kila kazi ya nyumbani. Masinki ya watu yaliyochakaa aliyapaka rangi yakarudi ujanani, ila la jikoni kwake lilikuwa la manjano, limejaa mabaka. Alijitetea kwamba mganga hajigangi. Mkewe akamjibu kwamba basi mganga huyo ajipikie.

Siku moja, ili mke anyamaze, alilipiga rangi ya ukutani iliyobaki kazini. Haikupita wiki, magamba yakaanza kuelea kwenye masufuria. Hapo mke akafunga mkoba.

"Naenda kumwona mama. Jumapili nakuja naye. Tukilikuta sinki hivi hivi, naondoka naye, na usije ukaniuliza narudi lini."

Fundi alicheka. Mlango ulipofungwa, kicheko kikamkauka mdomoni, maana alimpenda mkewe kuliko alivyowahi kumwambia.

Ijumaa alikwangua ile rangi ya aibu kwa kisu bapa. Iliyong'ang'ania akailainisha kwa thina, kisha akapiga msasa, akafuta vumbi, akapaka mkono wa kwanza wa rangi ya masinki. Jumamosi akaona apumzike kidogo. Mkono wa pili ukaangukia Jumapili asubuhi, na sinki likatoka jeupe, laini, mpaka akajipongeza kwa sauti.

Tatizo, rangi ilibaki. Rangi ya masinki ikishachanganywa na dawa yake ya kukaushia haiwekeki. Ni itumike au igeuke jiwe. Kwa Fundi, kumwaga rangi nzuri ni sawa na kumwaga uji wa mtoto. Akapaka kitasa cha kabati. Akapaka sinia. Akamalizia kigoda, na hapo hapo akasikia hodi.

Mama mkwe aliingia na bintiye, akaitikia shikamoo, akaketi kigodani kabla mkwewe hajapata ulimi.

"Mama, tafadhali... usiinuke."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Pumzika tu. Umetoka mbali."

Mke alimtazama mumewe, akaitazama brashi mkononi mwake, akaelewa yote. Mama mkwe naye si mtu wa kuambiwa usiinuke. Aliinuka, na kigoda kikainuka naye.

Mke alicheka mpaka akashika mlango. Fundi aligeukia ukuta haraka, maana kuna mahali pa mama mkwe ambapo mkwe hapaswi kupatazama, kisha akampa mkewe maelekezo:

"Lowesha kitambaa kwa thina. Bonyeza, usisugue, utaitawanya!"

"Mwambie huyo anayeongea na ukuta," alisema mama mkwe, "kwamba gauni hili lilikuwa jipya."

Gauni lilipookolewa nusu, mke alisogea kwenye sinki. Aliinama akalitazama, na kicheko kikamwishia.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alisema polepole.

Neno hilo lilimchoma Fundi kuliko ugomvi wote wa nyuma.

"Nilikuwa naweza. Nilikuwa mvivu kwako tu, mke wangu. Nisamehe."

Mke alichukua mkoba wake mlangoni, Fundi akadhani anaondoka. Kumbe mke akaupeleka chumbani.

"Maji tunafungulia lini?" aliuliza kutoka huko.

"Baada ya wiki. Lazima rangi ikomae."

"Vizuri," alisema mama mkwe, akitafuta kiti kingine, safari hii akikigusa kwanza kwa kidole. "Nami siondoki mpaka niyaone yakipita."

"Karibu sana, mama," Fundi aliuambia ukuta.