Paskali alivyowanawisha wakwe leo

Leo mwanangu amesinzia akiwa amesimama, mbele ya wakwe.

Mnamjua Paskali wangu, dereva wa watalii. Karatu nzima mama gani ana kijana kama huyo? (Msininunie, ndiyo ukweli.)

Basi mchana wamekuja ndugu wa mchumba wake kutoka Qurus. Nimepika pilau, nimechinja kuku wawili. Nikamwambia Paskali awanawishe wageni mwenyewe, waone adabu yake.

Akamfikia shangazi wa binti, nesi mstaafu. Akainamisha jagi, na kichwa nacho kikainama. Macho yakajifumba. Maji yakajaa beseni, yakamwagikia kitenge cha mama wa watu.

Nikacheka. "Amechoka huyu, jana kashuka kreta ya Ngorongoro mara mbili!"

Shangazi hakucheka. Akamshika mkono, akapandisha sweta, lile asilovua hata jua likiwaka. Alama za sindano zimefuatana kwenye mshipa.

"Mama Paskali," akasema taratibu, "huu siyo uchovu. Mwanao anajidunga heroini."

Wageni wameondoka bila kula.

Kesho alfajiri anatakiwa kushuka kreta na watalii sita, na ule mteremko mnaujua. Nimemnyang'anya funguo za gari. Nesi kasema nisimpe kabisa, asubuhi nimpeleke hospitali.

Sasa hivi yuko nje ya mlango wa chumba changu. Anatetemeka, jasho linamtoka, ananiomba funguo akautafute huo unga. Mara analia, mara anapiga mlango teke.

Jirani yeyote anayesoma hapa, njoo ulale kwangu leo.

Namwogopa mwanangu.