Maziwa ya Ngamia Hayagandi

Mimi nakamua ng'ombe tangu utoto wangu kule Kivu. Kwa hiyo jirani yangu Msomali alipoletewa ngamia wachache hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa lori kutoka Karamoja, nilimwambia maziwa ni maziwa tu, nipe nikusukie siagi. Nikatikisa kibuyu tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Siagi hakuna. Mwenzangu alinicheka mpaka akajifunika uso kwa shungi.

Yeye hufukiza kibuyu kwa kijiti cha moto, anamimina maziwa, anayaacha yachachuke. Kwetu pia tunafukiza. Fasi hiyo tulielewana bila mkalimani. Yanakuwa mepesi, makali kidogo, yana harufu ya moshi.

Shida ilikuwa wanunuzi. Hapa walikuwa Wasomali wenzake tu, na maziwa yalibaki mingi. Mjini Mbarara wasipoyataka, aliniambia, ngamia watauzwa. Basi tukapanda boda, bidoni ya maziwa mapajani. Njiani, pale Masha, niliona ng'ombe mwekundu kama wa marehemu baba yangu, ng'ombe aliyekuwa hakubali kukamuliwa bila kuimbiwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiimba. Tuyaache hayo.

Mjini, Hajji mmoja mwenye duka la maziwa akamimina kikombe, akakiinamisha. Yakatiririka. Watu wa huku maziwa ya kuchacha wanayataka mazito. Akaniangalia mimi, mkubwa wa umri.

"Mukaka," ndivyo wanavyoita bibi kizee, "hapa mumetia maji."

Kwa mfugaji, afadhali uitwe mwizi. Jirani alishaanza kufunga bidoni. Mimi shule sikufika mbali, lakini mdomo ninao.

"Hajji, njoo na chombo chako. Yatoke kwa ngamia yaingie humo, uyachachushe mwenyewe dukani."

Akaja, nadhani kwa kutaka kunishinda. Ndama akatangulia kunyonya, kisha jirani akasimama mguu mmoja, chombo juu ya goti, ndivyo ngamia anavyokamuliwa. Hajji akauliza kama akianguka nani atalipa maziwa. Hakuanguka.

Siku chache baadaye akapiga simu. Yamekataa kuganda, akasema. Kisha akauliza tunaweza kuleta mengine lini, maana mke wake ameyamaliza.

Sasa anayauza kwa chupa, kama kinywaji. Mteja akiuliza kama yametiwa maji, Hajji ndiye anayekasirika. Na ngamia wako pale pale kwa jirani, wananilia ua wangu wa miiba.