Magauni Yasiyo na Mifuko

Yule mama nilimjua kwa heshima zake kabla sijaijua kazi yake. Alikuwa akiswali katika msikiti wetu hapa Buyenzi, hakosi msibani, na sauti yake haipandi. Alipoingia kibandani kwangu na kitambaa cheusi, akataka niwashonee magauni wasichana anaowapeleka Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, nilifurahi. Akaongeza jambo moja: yasiwe na mifuko.

Mwanamke wa kazi za ndani asiye na mfuko ataweka wapi vitu vyake? Nikamwuliza. Akatabasamu, akasema huko hawatakuwa na chochote cha kuweka, kila kitu watapewa.

Neno lile halikunitoka, maana mmoja wa wasichana hao alikuwa binti wa shangazi yangu. Alikuwa amemaliza shule, yupo tu nyumbani mtaa wa Kamenge na mama yake, na shangazi alishawatangazia majirani safari.

Siku ya kupima, mafuta ya magari yalikosekana mjini kama kawaida, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mama, Kibenga. Mlinzi alirudishia geti nyuma yangu na kulitia kufuli kabla sijavuka ua, na ilikuwa mchana kweupe. Sebuleni wasichana, waliokwisha kuhamia humo wakingoja safari, walikuwa mkekani wakifundishwa Kiarabu. Changu ni cha madrasa, lakini nilielewa walichokuwa wakikariri: naam bibi, niko tayari, nisamehe, sitarudia. Nikampima binti wa shangazi mabega polepole, nikisubiri kusikia wakifundishwa kusema naumwa, au nimechoka, au nataka kurudi kwetu. Hayo hayakuja.

Nikamnong'oneza, pasipoti yako iko wapi?

"Mama huyu wa safari anatutunzia," akasema. Na simu pia. Alisema bila wasiwasi wowote. Wasiwasi ulikuwa wangu.

Nilikwenda kumweleza shangazi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nina ushahidi. Nilikuwa na magauni, kufuli na maneno machache ya Kiarabu. Akasema husuda ni ugonjwa. Akanikumbusha kwamba mafuriko yalipoibomoa nyumba yake ya zamani kule Gatumba, ni mama yule aliyemletea mablanketi. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama hata yale mablanketi yalikuwa sadaka, au alikuwa akichagua nyumba zenye mabinti.

Nilipopeleka magauni, nikamwambia binti wa shangazi pembeni, "Muombe pasipoti yako, sema unataka mama yako aione. Akikupa, nenda, nitakuombea dua. Akikunyima, jiulize ni ya nani."

Akaiomba mbele yangu. Yule mama hakukasirika. Alimwekea mkono begani.

"We mutoto, mi hauniamini?"

"Nakuamini, mama. Naiomba tu."

Akasema haipo hapo, imehifadhiwa mahali, ataiona uwanja wa ndege. Nikaona uso wa binti wa shangazi ukibadilika. Akasema basi anakwenda kumuaga mama yake. Yule mama akajibu kuwa gari litampeleka baadaye, sasa apumzike. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, hatuangalii.

Nikasema mume wangu ananisubiri nje na anajua tunatoka wawili. Haikuwa kweli, na nadhani mama yule alijua. Akamwashiria mlinzi kwa kidevu afungue. Tulitoka. Begi la binti wa shangazi lilibaki ndani.

Shangazi alininunia. Wengine walisafiri, na katika mtaa wetu nikawa mtu aliyemharibia mwenzake riziki. Kisha mmoja wao akamtumia mama yake ujumbe wa sauti kwa simu ya kuazima. Alinong'ona kwamba anafungiwa ndani, amehamishwa nyumba hadi nyumba bila kuulizwa, na kwamba ameomba kurudi wakamwambia ameshanunuliwa. Mama huyo aliuleta kibandani kwangu; shangazi akausikiliza, akafunika kichwa kwa kanga.

Tulikwenda polisi pamoja na mama wa msichana yule. Nyumba ya Kibenga ilikutwa tupu, imefagiwa vizuri. Msikitini kila mtu akasema alimjua yule mama, ila hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Binti wa shangazi sasa anashona nami. Mteja akija na upole uliozidi, tunatazamana kwanza. Yule wa ujumbe bado hajarudi. Mama yake hupita hapa akitoka sokoni, anauliza kama kuna aliyesikia lolote, nasi tunampa kiti.