Mizani ya Ignas na Nyongeza ya Elfu Sitini

Ignas aliamini vitu viwili tu, Mungu na mizani. Mungu hakuwahi kumwona. Mizani aliiona kila siku kwa miaka kumi na tisa, langoni mwa kiwanda cha kamba alikokuwa mpima mizigo. Kilichoingia kilipita mbele yake na kilichotoka kilipita mbele yake, na hakuna bosi, dereva wala mwizi aliyeweza kumwambia kwamba tisini ni mia.

Kisha ukaja ubinafsishaji. Kiwanda kikauzwa kwa mtu ambaye hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwona uso. Mtu huyo akauza mashine, akauza mabati ya paa, akauza na milango, halafu akatangaza kwamba biashara ya kamba hailipi. Siku ya mnada Ignas aliikuta mizani yake imewekwa nyasini pamoja na viti vilivyovunjika miguu. Akainunua kwa fedha za kiinua mgongo, akaipeleka Mji Mpya, akaiweka kando ya barabara na kipande cha boksi kilichoandikwa PIMA UZITO SH. 50. Wakati huo redio ilikuwa inasema kila siku kwamba soko ni huria na kila mwananchi ni mjasiriamali. Ignas alisikia, akajiona amepandishwa cheo.

Ulipofika mwaka 2012, mjasiriamali huyu alikuwa na kibanda cha gemu. Alikuwa na mashine moja ya mtumba, televisheni ya zamani yenye chogo, pedi mbili za kuchezea na benchi. Mizani ilikaa mlangoni, ikipima waliokuwa wanasubiri zamu. Yeye mwenyewe hakujua kucheza. Alijua sheria, na sheria zilikuwa tatu. Anayefungwa ndiye anayelipa, shilingi mia tano. Anayeshinda anabaki kitini na timu yake. Na timu moja haichukuliwi na watu wawili, kwa sababu kwenye lile chogo jezi zikifanana hata mwenye macho ya mwewe hajui nani anamkaba nani. Kwa sheria hizo kibanda kilimlisha yeye na mkewe Editha kwa miaka miwili bila ugomvi.

Ugomvi ulikuja na Alois. Huyu alifungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, akapaka ukuta rangi ya kijani, akaning'iniza televisheni bapa kubwa kama meza ya kulia. Wateja wa Ignas, ambao wengi walikuwa madereva wa bodaboda wa kijiwe cha pale jirani, walivuka barabara mmoja mmoja kwa aibu. Baada ya wiki walivuka kwa makundi bila aibu.

Aliyebaki ni Amosi. Amosi alikuwa bingwa wa kijiwe kizima, kijana mwenye pikipiki nyekundu na maneno mengi kuliko abiria.

"Mzee Mizani, shikamoo," alisema asubuhi moja, akikaa kwenye benchi tupu.

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Si unawaona pale. Ila mzee, televisheni haina neno. Tatizo gemu yako imepitwa. Siku hizi kuna nyongeza. Ina timu ya wakongwe, wachezaji wakali wote wa zamani wamekusanywa pamoja. Alois hana. Ukiweka wewe, mji mzima utahamia hapa."

"Inauzwa wapi?"

"Kwa Kabir, pale dukani kwa mzee Mansukh. Mimi nakwambia tu, sina faida yoyote."

Ignas alilikumbuka neno hilo baadaye.

Duka la Mansukh liliuza redio, pasi na mafeni, na mwanawe Kabir alikuwa na kona yake ya simu na kompyuta. Kijana alizaliwa Morogoro, akakulia Morogoro, na alikuwa na heshima ambayo hukupa wasiwasi juu ya mfuko wako.

"Shikamoo mzee. Nyongeza ipo. Elfu sitini, nakushushia kwa intaneti, nakulipia kwa kadi yangu ya benki. Unapata wakongwe, unapata uwanja wa theluji, viatu vya rangi arobaini, na staili mpya za kushangilia."

"Subiri kidogo, mwanangu. Gemu nilinunua hapa hapa mwaka jana."

"Ndiyo mzee."

"Kwa hiyo ile haikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima. Sasa itakuwa nzima zaidi."

Ignas alilipima jibu hilo. Aliwahi kuona mtu akiuza kuku na kubakiza paja, lakini mtu huyo alikimbizwa soko zima. Huyu alikuwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Ignas alirudi nyumbani kweli, Bigwa, chini ya mlima, lakini alirudi kwa ajili ya kopo la maziwa lililokuwa chini ya kitanda. Ndani ya kopo kulikuwa na elfu sitini na tatu za Editha. Mwanamke huyo alikuwa akifuata ndizi na machungwa Mkuyuni tangu Juni, anayashusha mjini na kuyauza, na kila alichokibakiza kilikuwa na jina moja, bati. Paa la upande wa chumba cha kulala lilikuwa limeliwa na kutu hadi mchana ukiangalia juu matundu yanawaka kama nyota. Mabati manne yalitosha, na bati moja lilikuwa elfu kumi na tano. Masika yalikuwa hayajafika, na Ignas alijiambia kwamba kabla hayajafika kopo litakuwa limejaa tena. Hakumwambia Editha. Alijiambia mwenyewe mara tatu, akaona inatosha.

Kabla ya kuipeleka mashine dukani aliiweka juu ya mizani. Kilo tatu na nukta mbili. Akaandika kwa chaki nyuma ya mlango, kama alivyofanya langoni kwa kila gari, kisha akaifunga kwenye khanga, akaitia kikapuni.

Kabir alisema aje kesho. Kesho yake umeme ulikatika. Keshokutwa yake intaneti ilikuwa inatambaa. Siku tatu kibanda kilifungwa, na siku tatu Alois aliongeza benchi. Siku ya nne Ignas alikabidhiwa mashine yake, akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyebatizwa, akaipandisha kwenye mizani.

Kilo tatu na nukta mbili.

Aliishusha, akaifuta vumbi mizani, akapandisha tena. Ilikuwa ile ile, akaiandika chini ya ile ya kwanza. Akarudi mjini kwa miguu, jua la saa saba.

"Kabir, mzigo haujaingia."

"Umeingia mzee. Uliwasha?"

"Sijawasha. Nimepima."

Kabir alimtazama, kisha akamwita baba yake atoke nyuma aje asikie. Mzee Mansukh alisikiliza hadi mwisho, chai mkononi, wala hakucheka. Alikuwa ameuza vitu kwa ratili, kwa kilo na kwa yadi maisha yake yote.

"Bwana Ignas," alisema, "hata mimi huwa namuuliza. Ananiambia haina uzito, haina harufu, haichukui nafasi kwenye rafu. Nikamwambia basi hiyo ni biashara nzuri sana kwa muuzaji."

"Na kwa mnunuzi?"

"Mnunuzi yuko sokoni, na soko ni huria," alisema Mansukh, akarudi kwenye chai yake.

Jumamosi nyongeza ilizinduliwa. Amosi alikuwa ametangaza kijiweni, na benchi lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mizani. Walianza na uwanja wa theluji. Kioo kikawa cheupe pee.

"Hiyo ni sufi?" aliuliza mmoja. "Nani kapasua mto?"

"Theluji hiyo, mshamba wewe."

"Sawa, theluji. Mpira uko wapi?"

Hakuna aliyejua. Mpira ulikuwa mweupe, uwanja mweupe, na chogo lile tangu mwanzo lilikuwa na weupe wake. Walicheza dakika kumi wakifukuza kitu ambacho hakuna aliyekiona, wakaukimbia uwanja wa theluji na hawakurudi tena. Viatu vya rangi arobaini vilionekana kama nukta. Staili za kushangilia ziliwafurahisha mara mbili. Ya tatu wakaanza kubonyeza ili zipite haraka.

Wakabaki wakongwe. Amosi aliwachukua wa kwanza, na wale wazee walikuwa kweli moto. Mchezo wa kwanza nane bila, wa pili kumi na moja bila. Aliyefungwa alilipa, aliyeshinda alibaki na timu yake, na timu hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuichukua. Sheria zile tatu zilizomlisha Ignas miaka miwili zilifanya kazi sawasawa, zikamkaba koo. Kufika saa nane mchana watu saba walikuwa wamelipa mia tano tano, na hakuna wa nane.

"Nani anakuja?" aliita Amosi.

"Kuja kufanya nini? Nikikupa hiyo mia tano mkononi si ni yale yale, tena nabaki na heshima yangu," alijibu dereva mmoja, akavuka barabara. Wengine wakamfuata.

Siku mbili Amosi alikaa kitini bila kulipa senti, maana hajafungwa, na Ignas akalikumbuka lile neno faida. Siku ya pili jioni akachoka na upweke.

"Mzee, kaa wewe basi tucheze."

Ignas alikaa. Alifungwa kumi na nne, mawili kati ya hayo akijifunga mwenyewe.

"Anayefungwa analipa," alisema Amosi. "Sheria yako."

Ignas alitoa mia tano kwenye mfuko wa shati, akaitia kwenye mfuko wa suruali. Hiyo ndiyo ilikuwa hela ya jioni ile.

Kesho yake Alois alivuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni, akapanda kwenye mizani bila kuombwa.

"Sabini na sita," alisoma. "Nimenenepa. Nimekuja kukushukuru, jirani. Nasikia umewanunulia wateja wangu usafiri wa kuja kwangu. Elfu sitini?"

"Elfu sitini."

"Mimi nina gemu ya miaka mitatu iliyopita. Haina nyongeza hata moja. Wanafungana, wanalipa, wananuna, wanarudi." Akaweka hamsini juu ya mizani, akashuka. "Ila wakongwe wako ni wakali, Amosi anawasifia sana."

Ignas alirudi kwa Kabir mara ya mwisho, akaomba arudishiwe fedha. Kabir alisema kwa upole kwamba kilichoshushwa hakirudishwi. Ignas akaomba basi kitolewe kwenye mashine, kiwekwe hata kwenye mfuko wa plastiki, akauze kwa mwingine. Kabir alisema hakitoki vile, na kikitoka hakishikiki. Yaani kilikuwa mali yake kabisa, ila hakuweza kukiuza, kukigawa, kukiazima wala kukitupa.

Akarudi akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi zile zile za PIMA UZITO: WAKONGWE NI MARUFUKU. Akakibandika juu ya televisheni.

"Mzee," alisema Amosi, "umelipia elfu sitini ili utukataze?"

"Ndiyo."

"Mtaji wa ajabu huo."

"Ndiyo. Sasa chagua timu nyingine au toka, benchi si lako."

Amosi alichagua timu nyingine, akafungwa na kijana wa bajaji, akalipa kwa kununa. Habari ikavuka barabara. Kufika Jumatano watu watano walikuwa wamerudi, na Ignas alianza kuhesabu wiki za kulijaza kopo.

Alhamisi alfajiri mlima ulivaa wingu hadi miguuni, na mvua ikashuka Bigwa kabla ya jogoo wa pili. Editha aliinama kuvuta kopo chini ya kitanda ili lisilowe. Likaja jepesi mkononi. Alilitikisa mara moja, akamwangalia mumewe, akalirudisha mahali pake. Kisha akaleta ndoo, akaitega penye tundu kubwa, upande wake wa kitanda. Ignas alikwenda kazini na njaa, nguo zimelowa.

Saa nne Editha alifika kibandani, ndoo kichwani. Wateja wakampisha. Aliitua juu ya mizani, maji yakatikisika hayakumwagika.

"Pima," alisema.

"Mama Yuliana, tuyazungumze nyumbani."

"Nyumbani kunanyesha. Pima, hamsini yako hii hapa."

Ignas alisogeza jiwe la mizani taratibu. Mkono ulikuwa wa kazi, haukujua kudanganya. "Kilo kumi na nane."

"Hayo ni ya tangu alfajiri, upande wangu tu. Sasa nipimie na kile ulichonunua."

Hata Amosi aliweka pedi chini. Ignas alitazama mashine, akatazama chaki nyuma ya mlango, namba mbili zinazofanana kama mapacha.

"Hakina uzito," alisema.

"Nilidhani hivyo," alisema Editha. Akamwaga maji mtaroni, akaondoka na ndoo yake, kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Mchana ule ule Ignas alikodi mkokoteni. Kitu pekee alichokuwa nacho chenye uzito kilikuwa mlangoni, chuma cha zamani cha kiwanda cha kamba, kilo arobaini na sita. Aliujua uzito huo kwa sababu aliwahi kuipima mizani hiyo kwa mizani ya wenzake enzi hizo. Mnunuzi wa chuma chakavu aliining'iniza kwenye ndoano yake.

"Arobaini na mbili."

"Arobaini na sita," alisema Ignas. "Mizani yako inaiba kilo nne."

"Mzee, soko huria. Kuna mwenye ndoano nyingine, yuko Dodoma."

Kwa shilingi mia nne kwa kilo, ilitosha bati moja na misumari. Alilibeba kichwani hadi Bigwa, likimpigia kelele njia nzima kwa matone ya mvua. Akapanda juu ya paa mwenyewe, akaligongomea upande wa Editha.

Ndoo ikahamia upande wa Ignas.