Chupa ya Siku Kumi na Nne

Feodora alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chao kando ya mto Kuskokwim, kaskazini ya mbali kwenye barafu, kwa miaka kumi na tisa, na kikohozi cha mtoto alikijua kwa sikio. Kikavu hakikumsumbua sana. Kilichomtisha ni kile cha majimaji, kinachokoroma kifuani wiki baada ya wiki. Yeye mwenyewe alikohoa hivyo utotoni, asitibiwe. Sasa pafu lake la kushoto lilijaa makovu, na kila asubuhi aliinama ukingoni mwa kitanda, akitema makohozi kabla ya kuweza kusema neno.

Ndiyo maana alipomsikia Nastasia, binti wa miaka minne wa mpwa wake Olinka, akikohoa hivyo, alimpigia simu daktari wa mji wa Bethel. Ndege ikaleta chupa ya antibiotiki: siku kumi na nne, asubuhi na jioni, hata kikohozi kikikoma.

Siku ya sita kikakoma. Siku ya tisa kikarudi. Feodora akaenda kwao, akafungua friji. Chupa ilikuwa tupu.

Olinka alikuwa akipasua samaki. Hakuacha kazi.

"Watoto wa kaka wanakohoa, mama mkubwa. Nikawapa."

"Wote watatu?"

Olinka akainua nyusi: ndiyo.

"Dawa si samaki, Olinka."

"Nastasia alishapona. Niifungie kwenye friji huku nawasikia wenzake wakikoroma? Sili wa kwanza aliyewindwa na mume wangu baharini ulimkata wewe, ukamgawia kijiji kama desturi yetu, hata utumbo hatukuonja. Leo nimekosa nini?"

Miaka kumi na tisa Feodora alikuwa akieleza vijiko na saa, wala hakuwahi kumwambia mzazi yeyote asigawe. Kwao, kumwambia mtu hivyo ni kumtukana.

Daktari alisema kwenye simu kwamba watoto wote wanne waanze upya, kila mmoja na chupa yake. Lakini ukungu ulikuwa umelala mtoni kwa siku ya tatu, na ndege hazikuruka. Kabati la zahanati lilikuwa na chupa moja. Daktari akauliza nani anapumua kwa kasi zaidi. Feodora aliwahesabia pumzi mmoja mmoja, akarudia kuhesabu, akitamani jibu libadilike. Aliyepumua kwa kasi zaidi alikuwa mtoto mdogo wa kaka yake Olinka, wa miaka miwili.

Olinka alimfuata hadi zahanati, Nastasia mgongoni.

"Nusu tu, mama mkubwa. Nusu yake, nusu ya wangu."

"Nusu haimponyi yeyote. Inawafundisha wadudu kuizoea dawa tu."

"Kwa hiyo unamnyima."

Neno hilo Feodora hakuwahi kuambiwa maishani.

"Namnyima," akasema, akafunga kabati, ufunguo akautia mfukoni.

Olinka akatoka bila kuaga. Feodora akabaki dirishani. Ukungu uliwameza kabla hawajafika kwenye njia ya mbao ya kijiji, lakini kikohozi aliendelea kukisikia, kizito, cha majimaji, hadi mlango wao ulipofungwa. Kisha kifua chake mwenyewe kikajibu.