Kikuba cha Alhamisi

Kisa hiki kimenigharimu mwasumini mmoja wa miaka tisa, mauzo ambayo yangelipa kodi ya duka mwezi mzima, na raha yangu ya kufunga mapema siku za Alhamisi. Nimehesabu mara mbili, hesabu ni hiyo hiyo. Nayatanguliza haya ili usidhani nimekaa kutunga. Mtu anayetunga angejitungia faida.

Nauza maua Lewisham, duka jembamba karibu na hospitali, kinyozi kushoto, chipsi kulia. Mimi mtu wa Unguja. Wazazi wangu walinileta huku ningali mdogo, miaka ile baada ya mapinduzi, na biashara nimejifunzia kwenye meza ya sokoni, si darasani. Maua ya harusi yapo, lakini yanayoniweka mjini ni ya maziko. Wenyeji hupenda kuandika kwa maua meupe, herufi kubwa kama mlango: MAMA, BABU. Mmoja alitaka chupa ya bia, nikamtengenezea. Mwingine alitaka basi jekundu kwa sababu marehemu alikuwa dereva. Yale magurudumu yalinitoa jasho. Simcheki mtu. Mfiwa akiingia nazima redio, namvutia kiti, na kitabu cha picha na bei kinabaki chini ya meza. Kwanza nauliza: alikuwa mtu wa namna gani? Mikono yake ilipenda kushika nini? Bei huja baadaye, na huja ndogo. Mfiwa habishani, na kumlangua mtu asiyebishana si biashara, ni wizi.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Desemba, saa kumi na nusu jioni, na Desemba ya London saa hiyo ni usiku mtupu. Mvua inamwagika. Nilikuwa nahesabu waridi ndani ya ndoo, mara ya pili, nikainua kichwa: mama mmoja amesimama mbele ya meza. Kengele ya mlango haikulia. Kengele ile, niamini, hulia hata upepo ukipita.

Mama mtu mzima, koti la kijivu, mtandio wa zambarau.

"Assalamu alaykum, bibiye. Nataka kikuba."

Nusura niruke meza. Kikuba! Kile kishada kidogo cha asumini, waridi na jani la mrehani, ambacho wanawake wa kwetu hukibandika kwenye nywele au kifuani, hasa usiku wa kuamkia Ijumaa, na bi harusi hakikosi. Miaka yote ya kuuza maua mji huu, hakuna aliyewahi kuniagiza.

"Waalaykum salaam! Hongera, nani anaolewa?"

Akacheka. "Hakuna anayeolewa, mwanangu. Cha maziko. Kesho."

Kikuba cha maziko? Sikuwahi kusikia. Lakini mtu aliyekwisha kutengeneza basi zima ataanzia wapi kushangaa? Nikazima redio, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mbishi."

"Mikono yake ilipenda kushika nini?"

"Chenji. Akiihesabu na kuirudia."

Nikampenda marehemu hapo hapo. "Lakini, mama, asumini sina. Nina mti mmoja tu, uko chumba cha nyuma kando ya hita, na baridi hii haujawahi kunipa hata tumba."

"Tukubaliane bei kwanza. Kiasi gani?"

"Paundi ishirini."

"Mie nanunua kikuba, bibiye, sinunui duka!" Akageuka. Nikamwacha aende, maana katika kupatana, anayeita kwanza ndiye aliyeshindwa. Akapiga hatua tatu, akasimama kutengeneza mtandio ambao haukuwa na kasoro yoyote, akarudi. "Kumi na mbili. Na ukinikatalia, utaniota."

Nikacheka, nikakubali. Hapo ndipo macho yangu yaliposhuka chini. Mvua yote ile, na viatu vyake vikavu. Sakafuni hapakuwa na tone.

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia, utasema. Mlango ulikuwa upande wake.

"Atakuja mume wangu, Salim," akasema taratibu. "Atataka kukulipa zaidi, usichukue. Atataka maua makubwa kama tanuri, mkatalie. Umwambie hivi: la Alhamisi lilifika, na lilinukia. Haya, kaangalie nyuma."

Nilikwenda. Mwasumini wangu ulikuwa mweupe kama umemwagiwa mchele. Harufu ilinipiga nikajikuta nimeshika ukuta. Niliporudi na mkasi mkononi, hapakuwa na mtu, na kengele ilikuwa kimya. Nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa chini, nikafunga kikuba kwa uzi. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeshapatana.

Asubuhi kengele ililia. Mzee mrefu, koti limemzidi, pamoja na binti yake, muuguzi, mzaliwa wa hapa hapa Lewisham. Mzee alisema Kiswahili, binti akamjibu Kiingereza, na wakaelewana kama watu wote wa mji huu.

Nikawapa viti. Mzee hakungoja swali. Akatoa bahasha nene mfukoni.

"Mwanangu, nataka herufi. MAMA, kubwa kuliko zote ulizowahi kutengeneza. Na moyo wa waridi. Na kitu cha kufunika gari lote. Tunazika baada ya adhuhuri."

Binti akamshika mkono. "Baba, hiyo ni nauli ya Zanzibar. Mama alidunduliza miaka minne mwende wote wawili."

"Niende kumwonyesha nani?" Akanigeukia mimi. "Kila Alhamisi nilimpelekea ua. Huku hakuna vikuba, basi nilimnunulia lolote la kituo cha treni, akilibandika kwenye mtandio. Alhamisi ya mwisho, hospitali, nikamwambia ngoja, nakuja. Nikaenda kulitafuta. Niliporudi nalo alikuwa ameshakwenda. Mke wangu amekufa peke yake kwa sababu ya ua, unanielewa? Basi nitampa maua. Bila hayo sitokanyaga makaburini."

Nakuapia, bahasha ile ilikuwa mbele yangu, na mimi najua kukadiria bahasha kwa macho. Nikaisukuma kwake.

"Mzee Salim, maua yenu yameshaagizwa."

"Nani kakutajia jina langu?"

"Mama mmoja, jana jioni. Mtandio wa zambarau. Nilimwambia ishirini, akasema hanunui duka. Akaenda hatua tatu, akasimama, akatengeneza mtandio, akarudi na kumi na mbili."

Binti akaweka mkono mdomoni. Mzee mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka ndani ya kicheko hicho hicho.

"Hatua tatu!" akasema. "Miaka arubaini kila soko! Nne hakufikisha hata siku moja!"

"Akasema nikwambie: la Alhamisi lilifika, na lilinukia."

Kicheko kikakatika. Nikamwekea kikuba kiganjani, akakiinua puani, akakaa hivyo. Binti yake akaniambia kwa Kiswahili, sijui neno lile alilitoa wapi, "Ahsante, dada."

Mzee akaweka ishirini mezani. Nikamrudishia nane. Akazisukuma, nikazisukuma. Kupatana kwa kinyumenyume, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilishinda.

Alikwenda makaburini. Kikuba alikiweka mwenyewe juu ya udongo. Baadaye akaenda Unguja kwa nauli ile, akarudi amenenepa, na tangu hapo kila Alhamisi alipita dukani, akaketi kwenye kiti cha wafiwa, tukanywa chai, akanisimulia ubishi wa mkewe.

Mwasumini wangu? Ulikauka siku ile ile, majani kama tumbaku. Nimenunua minne mingine. Mitatu imekufa, wa nne upo lakini hautoi tumba. Na kila Alhamisi kukiingia giza, duka linanukia asumini, hata watu wa chipsi wanakuja kuuliza. Basi nawe unayeuza chochote kwa wafiwa, nakuonya: usifungue kitabu cha bei kabla ya kuuliza habari za marehemu. Hujui nani amesimama nyuma yao anasikiliza. Na akija mteja mwenye viatu vikavu siku ya mvua, patana naye vizuri, kisha timiza.

Kwa nini naandika leo? Mwezi uliopita tulimzika Mzee Salim. Na Alhamisi iliyopita, mvua inanyesha, kengele kimya, nimeinua kichwa kwenye ndoo ya waridi, mzee huyo hapo. Koti lile lile lililomzidi. Viatu vikavu.

"Mwanangu, nataka kikuba. Safari hii nampelekea mkononi. Ishirini nitalipa."

Nilimwambia ukweli, asumini sina. Akasema si kitu, atapita tena Alhamisi ijayo.

Nishaurini. Kila asubuhi naukagua mti wangu, na tumba hakuna. Aliye na mwasumini uliochanua popote London, hata Peckham, hata huko Kingsbury kwa Wahindi wa kwetu, aniletee maua yake kabla ya Alhamisi. Nitalipa. Ila msinipandishie, tafadhali: mzee atanipa ishirini, na mimi nimekatazwa kupokea zaidi ya kumi na mbili.